Nafasi Moja Darasa la Pili

Kwetu Kamembe, upande wa Rwanda, mama akitaka kujua shule ipi ni nzuri haendi kuuliza ofisini. Anauliza sokoni. Mimi nauza sambaza, visamaki vidogo vya ziwa letu, wabichi asubuhi na wakavu mchana, na mbele ya meza yangu nimesikia shule zikichambuliwa kuliko samaki wenyewe. Kule walimu wanafundisha. Kule wanapiga. Kule choo kimejaa tangu Pasaka. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kwa sababu binti yangu alikuwa anasoma Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa mama yangu, na habari za shule za huku hazikunihusu.

Halafu zikanihusu. Mambo ya ng'ambo yaliharibika, shule yake ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na siku moja mama yangu akamshika mkono wakavuka mpaka kwa miguu. Pale forodhani walimnyang'anya mama mfuko wa plastiki, maana huku plastiki ni marufuku, akafika kwangu amekumbatia nguo za mtoto kifuani kama mtu aliyeziokoa motoni.

Mtoto ana miaka saba. Nilimzaa mara tu baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari, nikamwachia mama, nikavuka kuja huku kutafuta maisha. Yeye anamwita bibi yake Koko, kama watoto wote wa kule wanavyoita bibi zao, na mimi ananiita Yaya, yaani dada mkubwa. Sikumrekebisha. Watu hupenda kusikia kwamba mama alilia siku hiyo. Sikulia. Nilikuwa na mabeseni mawili ya sambaza ambao hawajauzwa na jua lilikuwa linapanda.

Shule za serikali ambazo mtoto anaweza kufika kwa miguu kutoka kwangu ni mbili. Watu wanaziita ya juu na ya chini. Zote ni za serikali. Sare ni ile ile, gauni la buluu. Vitabu ni vile vile, na mshahara wa mwalimu, naambiwa, ni ule ule. Kwa hiyo mtu asiyejua angesema, basi peleka popote. Mtu huyo hana mtoto.

Nilizipima mwenyewe. Asubuhi kadhaa nilimwachia jirani meza yangu, nikachukua beseni dogo, nikakaa ng'ambo ya barabara mbele ya geti kama mtu anayeuza. Sikuangalia rangi ya kuta. Niliangalia kitu kimoja: kengele ya kumaliza mapumziko ikilia, nani anaingia darasani kwanza.

Shule ya juu iko juu ya lami, karibu na kanisa. Madirisha yana vioo, kuna tangi la maji, majani yamekatwa. Walimu wanavaa makoti meupe kama wauguzi. Kengele ilipolia, walimu walikuwa wameshasimama milangoni, watoto wakapita mbele yao mmoja mmoja. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nilianza kuichukia, kwa sababu nilijua sasa ninachokitaka na sikuwa nacho.

Shule ya chini iko kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. Watoto ni wengi mpaka wamegawanywa, kundi la asubuhi na kundi la mchana, na mchana kundi moja linaposukumana kutoka lingine linasukumana kuingia. Bomba lipo ila halitoi maji, kwa hiyo kila mtoto anakuja na kibidoni chake cha maji. Madirisha ni ya mbao. Kengele ilipolia watoto waliingia kwanza, wakapiga kelele huko ndani muda mrefu, ndipo mwalimu akatokea anakimbia, chaki mkononi, anatoka kutuliza darasa lingine ambalo mwalimu wake hakuja.

Jirani yangu wa meza anauza nyanya. Ni mzaliwa wa hapa hapa, anaongea Kiswahili chetu cha Bukavu kwa sababu ya wateja, na watoto wake wote wako shule ya juu.

"Unaikala ku mulango ya masomo kama polisi," aliniambia niliporudi. "Unatafuta mwizi?"

"Natafuta mwalimu."

"Kule chini utamutafuta mupaka jioni." Akacheka mpaka nyanya moja ikabingirika chini, akaiokota, akaipangusa kwenye kitenge, akairudisha juu ya fungu. "Peleka mutoto juu, Maman. Chini ni ya batoto benye habana muntu."

Watoto wasio na mtu. Nililisikia neno hilo, nikalipita. Nilidhani anasema yatima.

Nikaenda shule ya juu. Mkuu wa shule ni mwanamke, tunamwita Direktrisi, mrefu, mkavu, si mtu wa huku. Anatoka upande wa Kigali, Kiswahili hakijui, tuliongea Kinyarwanda, chake kimenyooka na changu kimejaa Bukavu. Alinisikiliza amesimama.

"Darasa la pili limebaki na nafasi moja," alisema. "Moja tu. Mlete Jumatatu, awe amenyolewa, awe na sare. Nitamwuliza maswali mawili matatu. Akijibu, ni yake."

Nilishuka njia yote ile nikilisema neno moja kimoyomoyo. Moja. Moja. Kama mtu anayebeba yai.

Huku mtoto wa shule hasuki nywele. Msichana, mvulana, wote wananyolewa, ni desturi na hakuna anayeiuliza. Kule Bukavu Koko alikuwa anamsuka kila Jumapili, na kichwa kile alichovuka nacho mtoto mpakani Koko alikuwa amekisuka mwenyewe, mistari ya kwenda nyuma, midogo, ya mikono ya mtu asiye na haraka. Jumamosi mama alikaa na mtoto nyuma ya nyumba akazifumua zote. Hakutaka kwenda kwa kinyozi. Nilimpeleka mimi.

Kinyozi wa karibu na stendi ya mabasi alimweka juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti ili afikie kioo.

"Yaya," mtoto aliniuliza mashine ilipowashwa, "zitarudi?"

"Zitarudi ukimaliza kusoma."

Alihesabu kitu kwenye vidole, akaacha. Kinyozi alimpangusa shingo kwa brashi, akamgeuza kwangu kama mtu anayeonyesha meza aliyoipiga randa. "Ona," alisema. "Sasa njo mutoto ya huku."

Nikamlipa. Njiani mtoto alishika kichwa kwa mikono miwili kama kinaweza kudondoka. Nilitaka kuona uchungu, sikuuona. Niliona sare, viatu, Jumatatu.

Jumapili tulipotoka kanisani mama yangu aliniuliza ninampelekea nini Direktrisi.

"Nampelekea mtoto."

"Na mikono mutupu?" Alisimama katikati ya njia, watu wakatupita pande zote. "Unaenda kumuachia muntu mutoto, na mikono mutupu? Mi nilikukomalisha vile?"

Ngoja nieleze, kwa sababu mtu asiyetoka kule hawezi kuelewa. Ng'ambo mwalimu analishwa na wazazi. Si siri na si aibu. Mshahara wake haufiki, au unafika nusu, na serikali ikisahau wazazi hawasahau. Mwanzo wa mwaka unamtolea mwalimu cha kwako: kuku, muhogo, kipande cha sabuni, sukari. Huombi kitu. Unamwambia tu kwamba unajua yeye ni mtu, ana tumbo, na mtoto wako atakuwa mikononi mwake siku nzima. Mama asiyefanya hivyo anasemwa. Wanasema hana adabu, amewaangushia watu mtoto kama mzigo.

Mimi nimeishi huku miaka. Neno ruswa nalijua, rushwa kwa Kinyarwanda, limeandikwa kwenye kuta za kila ofisi niliyowahi kuingia. Lakini kichwani mwangu ruswa ilikuwa pesa. Ilikuwa bahasha, na mtu anayeangalia nyuma kabla ya kuitoa. Sambaza si ruswa. Sambaza ni chakula, tena chakula cha mikono yangu.

Jioni ile nilikaa na mama tukachagua. Tulitoa waliovunjika, tukatoa wenye mchanga, tukabakiza wazima wazima, wakavu, wanaong'aa kama sindano. Tuliwaweka kwenye kikapu kipya chenye kifuniko, juu yake kitambaa. Mama alikuwa anaimba. Kilikuwa kikapu kizuri. Hata leo nasema kilikuwa kizuri.

Jumatatu kwenye korido ya Direktrisi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wazazi wengine, wote wameshika watoto wenye vichwa vipya vilivyonyolewa. Mlango ulikuwa wazi. Kila anayeulizwa alisikiwa na wote.

Direktrisi alimwuliza binti yangu kwa Kiingereza, kwa sababu huku wanasomeshwa Kiingereza. Mtoto akamtazama tu. Kule alikuwa anasoma Kifaransa. Lakini Direktrisi akageukia Kinyarwanda, akamwonyesha hesabu ukutani, mtoto akazijibu zote kwa sauti ndogo, kisha akampa kitabu, mtoto akakiinua, akasoma maneno ya Kinyarwanda ambayo hajawahi kufundishwa shuleni, kwa lafudhi ya Bukavu, bila kukosea.

"Nani alimfundisha?" aliuliza.

"Bibi yake. Kwa Biblia ya Kinyarwanda."

Direktrisi alicheka kidogo. Akavuta kiti, akashika kalamu. "Huyu ataweza," alisema. "Jina la baba?"

Na hapo, kwa furaha, mimi mjinga, nikainua kikapu kutoka chini nikakiweka mezani mbele yake.

Kalamu ilisimama.

"Ni nini hiki?"

"Ni sambaza tu, Direktrisi. Za kusema asante."

Kwenye benchi watu waligeuza vichwa. Nilisikia mtu anavuta pumzi. Harufu ya sambaza wakavu haijifichi, ilishatoka kwenye kikapu ikaenda hadi korido. Direktrisi hakugusa kikapu. Alichukua rula akakisukuma nayo mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu.

"Mama," alisema, na sasa hakuwa anaongea na mimi peke yangu, aliongea ili korido isikie, "unajua umenifanyia nini? Hii hapa inaitwa ruswa."

"Ni samaki."

"Ni ruswa. Nikimwandika mtoto huyu sasa, hawa wote waliokaa pale watatoka wakisema nini? Watasema nafasi ilinunuliwa kwa kikapu." Aliiweka kalamu chini. "Alikuwa ameshaipata. Kwa kichwa chake mwenyewe alikuwa ameshaipata. Sasa siwezi. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye mvulana. Aliingia bila kunitazama. Nilichukua kikapu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Nje ya geti mtoto aliniuliza kama amekosea kusoma.

"Hapana."

"Sasa juu ya nini tunaenda?"

Nilimvuta mkono, tukashuka. Watu wanafikiri hasira ni moto. Yangu siku ile ilikuwa kama ganzi ya mdomo baada ya kung'olewa jino, unagusa shavu na shavu si lako.

Mama alikuwa anatungoja nyumbani, ameshapika. Alipoona kikapu kimerudi alidhani sikumkuta mtu.

"Alikataa," nilisema.

"Alikataa nini?"

"Sambaza."

"Muntu anakataa sambaza?" Alinitazama kama nimesema mtu anakataa hewa. "Ao hakula samaki? Iko muadventista?"

"Maman, hata Waadventista wanakula samaki."

"Basi juu ya nini?"

Nilimweleza. Alikaa. Hakuamini kwamba neno kama hilo linaweza kuwekwa juu ya kikapu chake. Baadaye alisema polepole, "Basi balimu ya huku banakula nini?" na hilo lilikuwa swali la kweli, alitaka kujua.

Kesho yake jirani yangu wa nyanya alikuwa ameshapata habari yote, mpaka ile ya rula. Alicheka, akaomba msamaha, akacheka tena.

"Lakini na we! Mbele ya bantu!"

"We ulimpelekea nini, watoto wako walipoingia?"

"Mi? Hakuna kintu." Aliangalia huku na huku. "Tunaimba naye kwaya. Niko sauti ya pili, yeye sauti ya pili. Siku moja nyuma ya mazoezi nilimwambia, Direktrisi, nina mutoto. Akasema, mulete. Njo ile tu."

Njo ile tu. Nikaelewa sasa ni akina nani wale wasio na mtu. Yeye hakutoa kitu na mkono wake ni safi, na mimi niliyetoa visamaki vya kukaanga ni mtoa rushwa mbele ya korido nzima. Nilimtazama. Nilitaka kupindua meza ile ya nyanya iende mpaka barabarani. Nikawageuza sambaza wangu juani upande wa pili, kwa sababu walikuwa wamekauka upande mmoja.

Nikampeleka chini.

Mkuu wa shule ya chini ni mwanamume mfupi anayetoka Nzahaha kwa pikipiki kila asubuhi. Nilimkuta anapigilia bawaba ya mlango, misumari mdomoni. Hakusimama.

"Iko na miaka ngapi?"

"Saba."

"Ya pili. Muchana. Alete bidoni yake ya maji." Akatoa msumari mdomoni, akaupiga. "Kuya naye leo leo."

Hakumwuliza hesabu. Hakumwuliza kusoma. Mikono yangu ilikuwa mitupu na hakuitazama. Kitu ambacho shule ya juu kilikuwa na thamani ya mtihani, korido na aibu, huku kilitolewa na mtu mwenye misumari mdomoni, na kwa sababu hiyo hiyo nilijua hakina thamani.

Asubuhi mtoto alikuwa anakaa na mimi sokoni, amevaa sare tayari, bidoni miguuni. Mchana anashuka. Jioni anapanda. Nilimwuliza wamefundishwa nini, akasema wameimba. Siku nyingine akasema mwalimu hakufika kwenye upande wao. Sikuelewa mwanzoni, halafu nikaelewa: watoto ni wengi, mwalimu anaanza kuangalia kazi upande wa dirishani, na kengele inalia kabla hajafika upande wa ukutani. Binti yangu alikuwa upande wa ukutani. Yule aliyesoma mbele ya Direktrisi bila kukosea alikaa wiki baada ya wiki bila mtu mzima kutazama alichoandika.

Nilikwenda kugombana. Niliamua, nikafunga kitambaa kichwani, nikashuka na maneno yangu yote yamepangwa. Njiani mvua ya mchana ikanikuta. Nilipofika madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa, darasa giza, na mabati yanapiga kelele mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Nilisimama mlangoni. Mwalimu ni msichana mdogo kuliko mimi, sauti imemkauka kama ya mtu mwenye homa. Hakuna aliyemsikia na hakuna aliyeuona ubao. Basi alikuwa anapita kati ya watoto, anainama kwenye sikio la mmoja, anasema neno, anangoja mtoto alirudie, anahamia kwenye sikio la pili. Sikio kwa sikio. Darasa lote lile. Wengine walikuwa wamekunja mikono wanangoja zamu, kimya, kama watu walio kanisani.

Nilisimama pale mpaka nguo zikaniganda. Ningemgombeza nani? Nilirudi na maneno yangu yote. Usiku ule, mama alipouliza nimesema nini, nilisema mvua ilikuwa kubwa.

Lakini toka siku ile ganzi ile ilianza kupasuka, na kilichokuwa chini yake hakikuwa kizuri. Nikawa mtu wa kujibu watu vibaya. Mteja akiuliza kama sambaza ni wa leo nilimwambia hapana, ni wa mwaka jana, chukua. Nilimkemea mama kwa kuimba. Yeye akanyamaza, akawa anamfundisha mtoto jioni kama kule, Biblia magotini, na mimi nilikaa pembeni nikiwaza kwamba serikali ina shule mbili karibu na kwangu na mtoto wangu anasomeshwa na mwanamke mzee kwenye mkeka.

Muhula wa kwanza uliisha. Karibu na kufunguliwa kwa wa pili, asubuhi moja Direktrisi alisimama mbele ya meza yangu. Hakunitambua mpaka aliponyoosha kidole kwenye sambaza na kuinua macho.

"Ah," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Nipimie wale wakavu."

Nikampimia kwa kopo, likajaa sawasawa na mdomo, nikammiminia kwenye karatasi. Alilipa. Hakuondoka. Kila anayenunua sokoni kwetu anangoja nyongeza, tunaita matabishi, kiganja kimoja cha juu ambacho muuzaji anamtupia mteja. Hata mwenye deni anapewa. Alikuwa ameshikilia karatasi yake wazi, anangoja.

"Mimi siongezi, Direktrisi," nilisema kwa Kinyarwanda changu cha Bukavu, kwa sauti ya kufika meza ya nyanya. "Watu watasema nini?"

Jirani yangu alijifanya anahesabu nyanya. Direktrisi alifunga karatasi taratibu. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshalichagua beseni la kupanda juu yake nimjibu.

"Kabla sijaletwa hapa," alisema, "nilikuwa na mwenzangu, mkuu wa shule kama mimi. Alipokea kuku. Kuku mmoja, wa mzazi aliyeshukuru kweli. Hana kazi mpaka leo." Akaangalia karatasi yake. "Wewe uliniletea mlango ukiwa wazi."

"Sikujua kufunga mlango. Ningejua kufunga ndiyo ingekuwa rushwa."

Alikunja mdomo wa karatasi mara ya pili. Nadhani aliona ni kweli. Nadhani pia haikumbadilishia kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Chini."

"Kuna aliyehamia Kigali na wazazi wake. Darasa la pili. Mlete shule zikifunguliwa." Akaanza kuondoka, akageuka. "Usije na kitu."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaingia kwenye beseni. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, ukachota kiganja kizima cha sambaza, kwa sababu mtu akikutendea wema mkono wa kwetu unajua kazi yake. Niliushika na wa kushoto mpaka mgongo wa Direktrisi ukapotea kati ya watu. Halafu nikawaachia samaki.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilikaa siku kadhaa nikijisikia ninavyokataa, maneno mazuri, makali. Ningemwambia, ipe mtoto wa kwaya. Lakini nilikuwa nimeona nani anaingia kwanza kengele ikilia. Nafasi ni moja, na hasira yangu haiwezi kumsomesha mtu. Niliikubali.

Siku ya kufungua tulishuka kwanza chini kuaga, mama yangu alilazimisha, alisema hata paka anaaga. Mkuu wa shule alikuwa juu ya ngazi, anarudisha bati lililoinuliwa na upepo.

"Tunamuhamisha," nilisema.

"Juu?"

"Juu."

"Muzuri." Aliendelea na bati lake. "Benye banajua kusoma banapanda. Banaachia miye bengine." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei.

Mwalimu alitoka na chaki yake. Alimshika mtoto kichwani, juu ya nywele zilizonyolewa upya, akainama sikioni akamwambia kitu ambacho sikusikia. Mtoto alikubali kwa kichwa. Nilimwuliza baadaye ameambiwa nini, akasema ni ya darasa, si ya watu wa sokoni.

Akaingia kuchukua kalamu yake aliyoiacha. Nilimfuata mpaka mlangoni. Pale ukutani kwenye benchi lake walikuwa wanakaa watano. Aliitoa kalamu, akamwambia msichana wa pembeni, "Naenda." Yule akasema, "Enda." Akapita mbele ya magoti yao akatoka, na kabla hajanifikia wale wanne walikuwa wameshasogea kwenye nafasi yake. Waliachana viwiko. Mmoja aliweka mkono wote mezani, kiwiko mpaka vidole, akautazama kana kwamba hajawahi kuuona umenyooka. Msichana wa pembeni alicheka kwa raha.

Mtoto aliwaona. Nilimwona anawaona.

"Twende," nilisema, "tutachelewa."

Tukaanza kupanda.